Kanyawara: Doria ya Kutafuta Waya

Msafiri atokaye Kampala kwenda magharibi hufika Fort Portal baada ya kilomita zipatazo 300. Siku ambayo mawingu yamekubali kuondoka, milima ya Rwenzori huonekana kutoka mjini, na mashamba ya chai yametandazwa juu ya vilima kama mkeka wa kijani. Akiishika barabara iendayo Kamwenge, muda si mrefu chai hukoma ghafla na msitu huanza. Hakuna ukuta wala ua. Upande mmoja ni michai iliyokatwa sawasawa kama nywele za kuruta, upande wa pili ni miti mikubwa iliyofungamana, na kati yake ni kijia ambacho mtu anaweza kukivuka kwa hatua tatu. Huo ndio msitu wa Kibale, na ndani ya upande wake wa kaskazini ndipo ilipo Kanyawara, kituo cha elimu ya viumbe cha Chuo Kikuu cha Makerere.

Ndugu msomaji, wengi wetu tukilisikia neno chuo kikuu hufikiri majengo marefu, maktaba na vijana waliovaa majoho. Kanyawara ni chuo kikuu cha matope. Darasa lake ni njia zilizokatwa msituni kwa mistari inayopishana, zikapewa alama, ili mtu aweze kusema kwa hakika amesimama wapi. Mahali penyewe pako juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku baridi humfanya mgeni aitafute blanketi ya pili. Asubuhi ukungu hulala chini ya miti, na kabla jua halijaonekana husikika sauti za mbega, zikifuatwa kwa mbali na kelele za sokwe wanaoamka.

Mvua hapa huja mara mbili kwa mwaka: kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Agosti au Septemba hadi Novemba. Kazi ya ulinzi hufuata majira hayo. Kuna majira ya matunda, ambapo sokwe hukusanyika kwa makundi makubwa na ni rahisi kuwaona. Kuna majira ya njaa msituni, ambapo hutawanyika wawili watatu wakitafuta chochote. Kuna majira ya mahindi mabichi nje ya msitu, ambapo nyani na tembo huvuka mpaka. Na kuna majira ya kuelekea sikukuu, ambapo nyama hutafutwa kila mahali na askari wa hifadhi huzidisha doria. Mimi nilifika Novemba, mvua ikiwa bado haijachoka, nikafuatana na wafanya kazi hao kwa siku tatu.

Kabla ya kueleza tuliyoyaona, yafaa kueleza kwa ufupi jinsi kituo hiki kilivyoanza. Msitu wa Kibale uliwekwa chini ya ulinzi wa serikali ya kikoloni mwaka 1932, kwa shabaha ya mbao zaidi kuliko wanyama. Mwaka 1970 alifika mtaalamu wa Kimarekani, Thomas Struhsaker, akaanza kuwafuata mbega wekundu siku baada ya siku, akiandika wanachokula na wanavyoishi. Kutokana na kazi hiyo kituo kikakua, na baadaye kikawa mkononi mwa Makerere. Katika miaka ya kwanza ya 1980 Mganda, Isabirye-Basuta, aliwachunguza sokwe wa Kanyawara, na mwaka 1987 Richard Wrangham alianzisha uchunguzi wa sokwe hao hao ambao umeendelea kwa miongo kadhaa. Mwaka 1993 Kibale ikafanywa hifadhi ya taifa. Ukubwa wake ni kiasi cha kilomita za mraba 795.

Msitu huu una aina 13 za wanyama wa jamii ya sokwe, nyani na kima. Ni nadra kuzikuta nyingi kiasi hicho mahali pamoja. Hesabu iliyotolewa mwaka 2003 ilikadiria kwamba Uganda nzima ina sokwe karibu 5,000, na kwamba zaidi ya 1,000 kati yao wamo Kibale. Mtu akiisikia idadi hiyo anaweza kusema ni wengi, wametosha. Lakini sokwe si mbuzi. Jike huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa mwingine. Mtoto humtegemea mama yake miaka mingi, akijifunza tunda lipi laliwa na mti upi walalika. Kwa hiyo akiuawa jike mmoja aliyekomaa, pengo lake haliwezi kuzibwa kwa msimu mmoja wala miwili. Wanawali wengine wa msituni wataolewa na kuzaa, na bado pengo lile litaonekana.

Sasa tuje kwenye waya.

Mtego wenyewe ni kitu kidogo. Ni kipande cha waya, mara nyingi waya wa breki ya baiskeli, kilichofanywa kitanzi. Ncha moja hufungwa kwenye mti mchanga uliopindwa, na kitanzi hulazwa juu ya njia ya wanyama, kikafunikwa majani. Mnyama akikanyaga, mti hufyatuka na kitanzi hukaza. Aliyetega alikuwa akimtaka funo, au paa, au nguruwe mwitu. Hakumtaka sokwe, maana watu wa sehemu hizi kwa desturi hawali nyama yake. Lakini waya haumjui anayepita. Sokwe hutembea kwa mikono na miguu, na hupitia njia zile zile za funo.

Sokwe aliyenaswa ana nguvu nyingi. Huvuta mpaka mti ukavunjika au waya ukakatika, akaenda zake na kitanzi kikiwa kimebaki kwenye kifundo. Mtu anayetazama kwa mbali angesema ameokoka. Kumbe mateso ndiyo kwanza yanaanza. Kila anapojaribu kuuondoa, waya huingia zaidi ndani ya nyama. Mkono huvimba, vidole hufa, na pengine kiganja kizima hukatika baada ya majuma mengi. Madaktari wa wanyama wanaweza kumpiga sindano ya usingizi na kuuondoa waya, lakini jambo hilo si jepesi: akilala akiwa juu ya mti ataanguka, na wenzake wakiwa karibu watamtetea. Nilimwona jike mmoja asiye na kiganja cha kushoto. Alikuwa akipanda mkuyu kwa mkono wa kulia na kigutu, mtoto ameng'ang'ania tumboni. Alipanda polepole kuliko wengine, na alipofika juu matunda mazuri ya karibu yalikuwa yamekwisha kuliwa.

Askari aliyewahi kutegua mabomu yaliyofukiwa ardhini ataielewa kazi hii mara moja. Bomu lililofukiwa halijui kwamba vita vimekwisha, na mtego wa waya nao haujui kwamba mwenyewe amekwisha pata nyama yake, au amehama, au amekufa. Hukaa pale pale na kungoja. Haulali, hauli, haudai mshahara. Na kama bomu, hakuna njia ya kuuondoa ila mtu aende kwa miguu yake, autafute kwa macho yake, auinue kwa mkono wake.

Kazi ya kuondoa mitego huko Kanyawara ilianza kwa utaratibu mwaka 1997, ikifanywa na watu wa kituo pamoja na askari wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, iliyoundwa mwaka uliotangulia. Tangu hapo mitego iliyokatwa ni maelfu. Kikosi ni kidogo: watu wachache waliozaliwa katika vijiji vya kando ya msitu, ambao waijua kila njia, na askari mwenye bunduki. Vifaa vyao ni panga, koleo la kukatia waya, koti la mvua, viatu virefu vya mpira, soksi nene za kuwazuia siafu, chombo cha kuonyesha mahali kwa msaada wa setilaiti, na daftari lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Chakula ni posho na maharagwe, vilivyofungashwa tangu alfajiri.

Mwendo wao ni wa nidhamu. Wa kwanza hutazama chini, wa pili kushoto, wa tatu kulia. Hawatafuti waya wenyewe, kwa sababu waya uliozeeka una rangi ya jani bovu. Hutafuta kazi ya mkono wa binadamu: mti mchanga uliopinda bila sababu, kijiti kilichokatwa kwa panga, au safu ya vijiti iliyosimamishwa kama ua mdogo ili kumlazimisha mnyama apite penye uwazi mmoja. Penye uwazi huo ndipo kitanzi kilipo. Mara nyingi mimi nilikuwa nimekwisha kupita wakati kiongozi ananiita nirudi nione.

Siku ya kwanza tulitembea tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri hatukupata kitu. Nilidhani watafurahi. Kiongozi wa kikosi akakaa juu ya gogo, akafungua daftari, akaandika tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, njia tulizopita, kisha mwisho wa mstari akaandika sifuri. Alieleza kwamba sifuri nayo ni habari. Ukiandika mitego uliyoipata tu, bila kuandika siku ulizotembea bure, hutajua kama mitego inapungua ama ni miguu yako iliyochoka. Siku ya pili tulipata minne, yote karibu na mpaka wa mashamba, miwili kati yake mipya kabisa. Kila mmoja uliandikwa: mahali, aina ya waya, mpya au mkuukuu, umenasa au haukunasa. Kisha waya wenyewe ukakunjwa na kutiwa ndani ya mfuko. Hauachwi nyuma kamwe, kwa sababu waya ulioachwa utategwa tena.

Daftari hilo lilinifundisha jambo kubwa kuliko yote niliyoyaona Kanyawara. Sisi tuliozoea kazi za ulinzi hufikiri kwamba mlinzi ni mwenye bunduki. Bunduki inahitajika, wala sisemi vinginevyo. Lakini bunduki humlinda mnyama leo. Daftari humlinda miaka 20 ijayo.

Tazama mfano wa miti. Mara moja kila mwezi, mfanya kazi huupita mstari wa miti iliyopigwa namba, akaitazama kwa darubini mmoja mmoja, akaandika: majani machanga, maua, matunda mabichi, matunda mabivu. Ni kazi inayochosha shingo na haina sifa. Lakini kwa kuwa imefanywa miaka mingi, leo wataalamu waweza kusema mti gani umebadili majira yake na upi haubadiliki. Tena kabla ya kituo kuanza, mwaka 1968 na 1969, sehemu fulani za msitu huu zilikatwa mbao kwa wingi, nyingine zikakatwa kidogo, na nyingine zikaachwa. Sehemu hizo zimefuatiliwa tangu hapo. Imedhihirika kwamba pale palipokatwa sana msitu haukujirudia upesi kama ilivyodhaniwa. Vichaka vimeshika nafasi, na tembo wapendao kula hapo huikanyaga miche inayojaribu kuinuka. Bila daftari, kila mtu angesema analolidhani.

Au tazama mfano wa mbega wekundu wa Ngogo, sehemu nyingine ya msitu huu huu. Kati ya mwaka 1975 na 2007 walipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Mtu wa haraka angewatuhumu majirani mara moja, akataka wakamatwe. Lakini wachunguzi waliokuwa wakihesabu na kuandika walionyesha kwamba mwindaji mkubwa alikuwa sokwe wenyewe, ambao huko Ngogo ni wengi na huwinda mbega kwa makundi. Ndugu zetu polisi wataielewa thamani ya jambo hilo. Ushahidi haumtafuti mkosaji tu. Humwokoa pia asiyekuwa na kosa.

Hata sokwe wenyewe wana kumbukumbu zao. Wafanya kazi huwahi kufika chini ya miti kabla hawajaamka, kwa sababu kila sokwe hujitengenezea kitanda kipya cha matawi kila usiku, na ukichelewa utakikuta kitanda kitupu. Kutwa huandika nani yuko na nani, nani amekula nini, nani anachechemea. Mkojo unaodondoka juu ya majani hufyonzwa kwa kibomba na kupelekwa kupimwa, ili ijulikane kama mnyama ana njaa, mimba au ugonjwa, pasipo mtu kumgusa.

Hapa ningependa akina mama na akina baba wenye watoto wasikilize. Mwaka 2013 ugonjwa wa kifua uliingia katika kundi la sokwe wa Kanyawara. Walikuwa 56; watano wakafa. Uchunguzi ulipokamilika ulionyesha kwamba kilichowaua ni virusi vya binadamu, vya aina ambayo kwa watoto wetu huleta mafua ya kawaida. Jambo ambalo nyumbani hutibiwa kwa chai ya tangawizi na leso liliua msituni wanyama watano, ambao miaka mingi itahitajika kuwarudisha. Ndiyo sababu mgeni huambiwa avae barakoa na asiwakaribie sokwe, na mwenye mafua huachwa kituoni, hata awe na cheo gani. Usifikiri ni maringo ya wasomi.

Siku ya tatu tulitembea nje, katika vijiji vya mpakani wanakoishi Watoro pamoja na Wakiga ambao wengi wao asili yao ni Kigezi. Mzee mmoja mwenye shamba linalopakana na msitu alitukaribisha kivulini. Aliposikia kwamba nilisomea ualimu, alinitazama akacheka kidogo.

"Mwalimu," akasema, "ninyi mnahesabu sokwe. Mahindi yangu anayahesabu nani?"

Ni swali la haki, wala halijibiwi kwa hotuba. Tembo mmoja huweza kumaliza kwa usiku mmoja chakula cha nyumba kwa msimu mzima. Nyani huja mchana, na mtoto aliyepaswa kuwa shuleni hukaa shambani na kopo la kupiga kelele. Mtu aliyepoteza mahindi yake hivyo akiona funo anapita kwenye ukingo wa shamba, na waya wa baiskeli ya zamani upo ukutani, hahitaji kuwa mtu mwovu ili autege. Anahitaji kuwa na watoto tu.

Majibu yapo, ingawa hayajatosha. Kwa mujibu wa sheria, asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi hupewa wananchi wanaopakana nayo, na fedha hizo hutumika kwa shule, zahanati na kazi nyingine za pamoja. Mahali pengine yamechimbwa mahandaki marefu ya kuwazuia tembo; handaki lililofukiwa na mvua lakini halifai kitu, ni lazima lizibuliwe kila mwaka. Chai iliyopandwa mpakani husaidia, kwa kuwa nyani na tembo hawaili. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 nayo imeweka msingi wa kumlipa fidia mtu aliyeumizwa au kuharibiwa mali na wanyama. Mzee aliyasikia haya yote akaitikia kwa kichwa. Alilotaka yeye ni kujua fidia hiyo humfikia mtu kabla ya njaa au baada yake. Nimeliweka swali lake hapa kama alivyolitoa, kwa sababu wako wasomaji wa gazeti hili wenye kazi ya kulijibu.

Jambo moja lilinipa moyo, pengine kwa sababu ya kazi niliyosomea. Karibu na kituo ipo shule ya msingi ya Kasiisi. Mwaka 1997, mwaka ule ule ulioanza kazi ya kukata mitego, ulianzishwa mpango wa kuisaidia shule hiyo, na baadaye ukafikia shule nyingine za kando ya msitu. Mtoto anayepata darasa na kitabu, na anayefundishwa jina la mnyama aliye nyuma ya nyumba yao, huenda kesho akawa ndiye aliyeshika daftari. Waya hukatwa mara mbili: mara moja msituni kwa koleo, na mara nyingine nyumbani, kabla haujatoka ukutani.

Tusijidanganye kwamba mitego ya wanakijiji ndiyo iliyowamaliza wanyama wa nchi hii. Vifaru wa mwituni walitoweka Uganda kufikia mwaka 1983, na tembo waliokuwa makumi ya maelfu walibaki wachache mno baada ya misukosuko ya miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980. Hao hawakuuawa kwa waya wa breki. Waliuawa kwa bunduki, na waliozishika walikuwamo wenye sare na wasio na sare. Wengi wa waliozivaa sare hizo wamekwisha kuondoka duniani, lakini sare imebaki, na anayeivaa leo anaweza kuipa habari nyingine.

Kwa hiyo, ndugu askari, ukipangwa kambi iliyo karibu na msitu wowote wa hifadhi, usinunue nyama inayoletwa usiku bila maelezo. Anayenunua ndiye anayemtuma mtegaji. Nawe mama unayelisha nyumba, ukiletewa mguu wa funo sokoni kwa bei nafuu, fahamu kwamba bei yake nyingine imelipwa na mkono wa mnyama ambaye hakutakiwa. Na yeyote atakayekuta kitanzi cha waya chini ya majani, asikipite kana kwamba hakukiona. Akumbuke mahali, aende kwa askari wa hifadhi aliye karibu, aseme: nimeuona hapa, siku hii, saa hii. Huko Kanyawara daftari lina mstari unaongoja habari hiyo.